Kubadilisha Stata ya Gari Nyumbani Bila Lifti: Toyota za Injini ya 1NZ-FE

Stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake, ya Toyota ndogo yenye injini ya 1NZ-FE, ile inayopatikana kwenye IST ya 1500 cc, Probox na Corolla za NZE, imeshikwa na bolti mbili na kuunganishwa na nyaya mbili tu. Mwenye gari aliyezoea kushika spana anaweza kuitoa na kuirudisha uani kwake katika asubuhi moja, bila lifti wala shimo la gereji. Kinachowagharimu wengi ni kununua stata wakati ubovu uko kwingine. Kinachowadhuru ni kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili kuliko kwenye kufungua bolti.

Maelezo haya hayahusu magari ya haibridi kama Prius na Aqua. Hayo hayana stata ya aina hii, kwani injini yake huzungushwa na mota kubwa iliyo ndani ya giaboksi, na nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba umeme unaoweza kuua.

Kuhakikisha kwamba stata ndiyo mbovu

Mimi mwenyewe niliwahi kununua stata ya mtumba, nikaifunga hadi magharibi, nikageuza ufunguo na kusikia "ta!" ile ile niliyoisikia asubuhi. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa hasi: pale unapofungwa kwenye bodi karibu na betri, chumvi ya pwani ilikuwa imeula hadi zikabaki nyuzi chache za shaba, ilhali plastiki yake kwa nje ilikuwa safi kabisa. Tangu siku hiyo naanza na mita ya umeme, na spana hufuata baadaye.

Sikiliza kwanza. Ukigeuza ufunguo ukasikia mlio wa haraka wa "tatatata" huku taa za dashibodi zikififia, ishuku betri au vichwa vyake kabla ya kitu kingine chochote. Ukisikia "ta" moja nzito na taa zikabaki na nguvu yake, basi yaelekea solenoidi, yaani swichi ya sumaku iliyo juu ya stata, inavuta lakini umeme haufiki kwenye mota yenyewe, ama kwa sababu vipande vya shaba vya ndani vimelika, ama kwa sababu kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha. Ukisikia stata ikizunguka kwa mlio mwembamba bila injini kugeuka, bendeksi, yaani ile gia ndogo inayochomoka kwenda kushika meno ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), inateleza au haichomoki. Kukiwa kimya kabisa, usiikimbilie stata. Kwenye gari la otomatiki sogeza gia kutoka P kwenda N kisha ujaribu tena. Likiwaka kwenye N, shida ni swichi ya gia, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Sasa chukua mita. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha husoma takribani volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi ya chaji yake. Mwombe mtu ageuze ufunguo huku wewe ukitazama mita iliyowekwa kwenye vichwa vya betri. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi wakati wa kuwasha, chaji betri au azima nyingine nzima kabla ya kuendelea, kwa maana kipimo chochote utakachofanya baada ya hapo kitakudanganya. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, na ufunguo ugeuzwe tena. Waya wa hasi ulio mzima hauachi hata nusu volti hapo. Ukiona volti 1 au zaidi, umepata ugonjwa wako kwa bei ya waya mmoja.

Kipimo cha mwisho ni kwenye stata yenyewe. Kuna teminali mbili za kujali: ile kubwa yenye nati, inayopokea waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na mafundi huiita namba 30, na ile ndogo yenye plagi, inayopokea amri ya ufunguo, ambayo ni namba 50. Ikiwa ya 30 ina volti za betri muda wote, ya 50 inapata volti 9 au 10 wakati ufunguo umegeuzwa, waya wa hasi ni mzima, na bado stata haizungushi injini, basi stata imehukumiwa kwa haki. Ikiwa ya 50 haipati kitu, rudi nyuma kwenye relei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), swichi ya gia na swichi ya ufunguo. Kuigonga stata kwa mpini wa nyundo nako husaidia kutambua: ikiwaka baada ya kugongwa, kaboni ziko mwishoni. Hiyo itakufikisha nyumbani leo, lakini usiipangie safari ya Dodoma.

Kununua stata

Namba ya kipuri ya Toyota kwa stata huanza na 28100, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Iandike, au ipige picha kwenye kibandiko cha stata ya zamani, kisha uende nayo dukani. Stata ya gari la gia za mkono na ile ya otomatiki zinaweza kutofautiana hata kama injini ni moja, kwa hiyo kumwambia muuzaji "ya IST" hakutoshi.

Kwenye vipuri vya mtumba, iwe Gerezani mjini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, dai kuiona ikizunguka kabla ya kutoa pesa. Muuzaji ataikanyaga chini kwa mguu, ataunganisha hasi kwenye mwili wa stata na chanya kwenye teminali ya 30, kisha atagusisha kipande cha waya kutoka ya 30 kwenda ya 50. Bendeksi inapaswa kuruka nje kwa nguvu na kuzunguka papo hapo. Sekunde 3 zinatosha, kwa sababu stata isiyo na mzigo huzunguka kwa kasi kubwa mno na hujiharibu. Jaribio hilo, hata hivyo, halimalizi habari. Stata inaweza kuimba vizuri ikiwa sakafuni na bado ikashindwa kusukuma injini. Kwa hiyo umeme ukishaondolewa, shika gia ya bendeksi kwa vidole uizungushe: upande mmoja iende kwa ulaini, upande wa pili ikamate pamoja na shafti. Ikienda pande zote mbili, irudishe. Tazama pia ncha za meno kama zimechongeka, na uinuse; stata iliyoungua vanishi ya nyaya zake ina harufu kali isiyojificha.

Vifaa

Utahitaji spana na soketi za 10, 12 na 14, racheti yenye ekstensheni ndefu, jeki, stendi mbili za gari, vizuizi vya matairi vya mbao nzito, brashi ya waya, tochi ya kichwani, glavu na simu ya kupigia picha. Stendi ndizo watu wanaozikwepa kwa sababu ya bei. Anayesema atatumia matofali ya saruji ajue kwamba tofali haliinami wala kulia kabla ya kuvunjika, hupasuka ghafla. Asiye na stendi aziazime kwa jirani au aahirishe kazi.

Kuinua gari

Chagua mahali tambarare na pagumu. Uani kwenye mchanga, laza ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, la sivyo miguu yake itazama polepole wakati wewe umelala hapo chini.

Gari hizi, zile za kusukumwa na matairi ya mbele, zina jambo ambalo wengi hawalifikirii. Gia ya P hufunga matairi ya mbele tu. Ukishayainua hayo, P haikusaidii chochote, na kinachozuia gari lisiteleze kurudi nyuma ni breki ya mkono na vizuizi vya matairi ya nyuma. Kwa hiyo vuta breki ya mkono hadi mwisho, na uweke vizuizi mbele na nyuma ya matairi yote mawili ya nyuma kabla jeki haijagusa gari.

Inua sehemu ya mbele upande mmoja mmoja kwenye mkunjo wa chuma chini ya mlango, pale penye alama mbili za kukatwa, kisha weka stendi karibu na hapo, kwenye chuma imara. Ukimaliza upande wa pili, shusha gari likae juu ya stendi, na uiache jeki ikigusa tu kama msaada. Tairi la akiba, au tairi lolote lenye rimu, lilaze chini ya ubavu wa gari: kama yote yakishindwa, litabaki na nafasi ya kifua cha mtu. Kisha lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni, mara mbili au tatu. Kama litaanguka, lianguke sasa.

Kutoa stata

Ngoja injini ipoe. Ondoa kwanza kichwa cha hasi cha betri kwa spana ya 10, ukisogeze mbali na ukifunge kitambaa. Utaratibu huu wa hasi kwanza una sababu yake: bodi nzima ya gari ni hasi, na ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itatoa cheche za kuyeyusha chuma. Waya mnene wa stata hauna fyuzi ya kuukinga kama nyaya nyingine, hivyo kuufungua betri ikiwa bado imeunganishwa ni kutafuta moto. Na kabla ya kuondoa betri, angalia redio. Baadhi ya redio za Kijapani zenye kadi ya ramani hujifunga umeme ukikatika wakati kadi haimo, na kuzifungua tena ni gharama ya pembeni ambayo hukuipangia.

Kwenye injini hii stata iko mbele, upande wa redieta, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, pale injini inapokutana na giaboksi. Ondoa kifuniko cha plastiki kilicho chini ya injini, na kwa juu ondoa kinachokuzuia kuona, ambacho kwa kawaida ni kasha la chujio la hewa, au betri na trei yake. Piga picha ya nyaya zilivyokaa kabla ya kugusa.

Vuta kofia ya mpira inayofunika teminali ya 30, fungua nati yake ya 12, na uondoe waya mnene. Plagi ya teminali ya 50 ina kilimi cha kubonyeza. Plastiki ya gari lenye miaka 15 na zaidi ni kavu kama biskuti, kwa hiyo ibonyeze kwa kidole gumba na uvute plagi yenyewe, usivute waya. Vumbi likikizuia kilimi kubonyea, kipulizie hewa au dawa ya kusafishia umeme kwanza.

Bolti mbili za stata zina kichwa cha 14. Legeza zote mbili kabla ya kuondoa yoyote, maana hapo stata bado imekaa imara na haizunguki na spana yako. Ya juu hufikiwa vizuri zaidi kutoka juu kwa ekstensheni ndefu. Ya chini kutoka chini. Ondoa ya chini kwanza, kisha shika stata kwa mkono mmoja wakati unaondoa ya juu. Ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa hiyo usiweke uso wako chini yake. Ikigoma kutoka kwenye tundu lake, itikise kushoto na kulia. Usiichokoe kwa bisibisi kwenye ukingo wa giaboksi, kwa kuwa hiyo ni aluminiamu na itamegeka.

Kabla ya kufunga

Weka stata mbili sambamba juu ya gazeti na uzilinganishe bila haraka: idadi ya meno ya bendeksi, urefu wa pua, nafasi ya matundu ya bolti, na upande inakoelekea plagi. Meno yakizidi au kupungua hata moja, usiifunge.

Kisha mulika ndani ya tundu uyaone meno ya flaiwili. Injini ya silinda nne ikizimwa huwa na tabia ya kusimama kwenye sehemu mbili zile zile, zinazotazamana, ndiyo maana meno hulika hapo na kubaki mazima kwingine. Izungushe injini kwa soketi kwenye bolti ya puli kubwa iliyo upande wa mikanda, kwa mwelekeo wa saa, huku ukitazama mzunguko wote. Meno yakiwa yamelika vibaya, stata mpya itapiga kelele za kusaga na haitadumu, na tiba yake ni kushusha giaboksi, kazi ambayo siishauri uani.

Hatua inayofuata ndiyo hurukwa mara nyingi zaidi kuliko zote. Stata haina waya wake wa hasi. Umeme wake hurudi kupitia mwili wake kwenda kwenye giaboksi. Kwa hiyo uso wa giaboksi inapokaa stata, na uso wa stata yenyewe, vinapaswa kuwa chuma kitupu kinachong'aa. Visugue kwa brashi ya waya. Stata nyingi zilizofanyiwa ukarabati hupakwa rangi ili zipendeze dukani, na rangi hiyo huwa imepakwa hadi pale panapopaswa kupitisha umeme. Ikwangue yote hapo, hata kama inakuuma kuharibu kitu kipya.

Kufunga

Ingiza stata kwenye tundu lake hadi ikae bapa, kisha anza bolti zote mbili kwa vidole, angalau mizunguko mitatu kila moja. Bolti inayokataa vidole imepinda njia, na spana itaimalizia kwa kuharibu uzi wa aluminiamu. Kipimo cha Toyota cha kukaza bolti hizi ni Nm (newton-mita) 37. Asiye na spana ya kupima nguvu anaweza kukadiria: kwenye racheti yenye mpini wa sentimita 25, hiyo ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 15 hivi, yaani mvuto wa mkono mmoja bila kuning'inia.

Rudisha plagi ya teminali ya 50 hadi uisikie ikilia "tik". Funga waya mnene kwenye teminali ya 30 ukielekea mkao ule ule ulioupiga picha, na uhakikishe waya haugusi bodi wala haubanwi na kitu. Nati hiyo inataka karibu Nm 10 tu, nguvu ya spana fupi iliyoshikwa karibu na kichwa. Ukiikaza kwa hasira, msumari wa shaba unaofungiwa nati huzunguka ndani ya solenoidi na kuvunjika, na stata mpya itakufa mikononi mwako. Malizia kwa kofia ya mpira.

Kuwasha

Toa vifaa vyote chini, hakikisha hakuna mtu wala kuku, kisha shusha gari kwenye matairi yake. Wapo wanaojaribu likiwa bado juu ya stendi ili wasirudie kazi iwapo limegoma. Mimi naona ni afadhali kuinua mara mbili. Kama uliondoa betri yote, anza na kichwa cha chanya na umalizie na hasi. Hasi hiyo ikaze kiasi cha kushika vizuri, na uiache spana ya 10 mkononi mwa msaidizi, kwa sababu stata yenye solenoidi iliyoganda inaweza kuendelea kuzunguka hata baada ya ufunguo kurudi, na dawa yake pekee ni kukata betri papo hapo.

Weka gia kwenye P, kanyaga breki, geuza ufunguo. Inapaswa kushika mara moja bila kusaga. Usiizungushe zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo, na kama haijawaka, ipumzishe nusu dakika kabla ya kurudia. Sailensa ya gari, yaani mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta, inaweza kuyumba kwa dakika chache za mwanzo kwa sababu kompyuta ilikatiwa umeme, na hilo si ubovu. Pima betri injini ikiwa inanguruma: ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.5, alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, inafanya kazi. Zima na uwashe mara tano, kisha kaza kichwa cha hasi na uinue gari tena kwa utaratibu ule ule ili urudishe kifuniko cha chini.

Stata ya zamani usimwachie mnunua vyuma chakavu. Mara nyingi kilichokufa ndani yake ni kaboni au vipande viwili vya shaba vya solenoidi, na fundi umeme wa magari huviweka vipya ungali umekaa kwenye benchi lake.